Jina Langu Juu ya Korongo

Novemba 9
Gerison Matewere amekuja mwenyewe leo, kwa miguu, na bahasha mkononi. Nilimfundisha jiolojia mwaka ule alipokuwa na suruali moja tu. Sasa ndiye mkuu wa chuo. Jengo jipya la sayansi, lile la ghorofa nne kule juu karibu na mlima, baraza la chuo limeamua liitwe Jengo la Elube Namaona.

"Mwalimu, usilie," akasema.

"Silii. Ni moshi wa kuni."

"Kuni zenyewe hazijawashwa."

Tukacheka. Nilimpa uji wa thobwa, akanywa vikombe viwili kama zamani. Jioni nikampigia Tamandani huko Lilongwe. Binti yangu alipiga vigelegele kwenye simu mpaka mumewe akauliza nani kazaa. Miaka sabini na mmoja, mjane, mstaafu, na bado moyo unaruka kama wa msichana. Mvua: hakuna.

Novemba 17
Mvua ya kwanza. Milimita 9 kwenye kipima mvua changu cha uani. Kumbikumbi wametoka, nimekaanga sahani nzima, nimekula peke yangu.

Novemba 21
Nimepanda kuliona jengo. Mhandisi Lackson Phwandaphwanda alinivalisha kofia ngumu, akanitembeza. Ni zuri. Madirisha makubwa, maabara zenye meza za mawe, ngazi pana. Limekaa juu ya mwamba mtupu, mwamba ninaoujua. Niliugonga kwa nyundo yangu kabla huyu mhandisi hajazaliwa.

Kisha tukazunguka nyuma. Ili kupata uwanja wameukata mlima, na udongo wote uliokatwa wameusukuma kwa tingatinga kwenye korongo la Nankholi. Korongo limejaa kifusi hadi juu. Chini yake wamepitisha bomba moja, ukubwa wa pipa.

"Na maji ya Nankholi?" nikauliza.

"Maji gani, Mama? Nina miezi kumi na minne hapa, sijaona hata chura."

Nikacheka naye. Kweli nilicheka. Nankholi haina maji miaka mingi mfululizo, halafu mwaka mmoja inayo. Na chini ya korongo, mwendo wa dakika kumi, uko mtaa wa Mtondwe.

Nimerudi nyumbani nikijiambia wahandisi wana vipimo vyao. Lakini daftari hili halisomwi na mtu, basi niandike ukweli. Mlangoni niliziona herufi za jina langu, za shaba, zimelazwa juu ya gunia zikisubiri kupigiliwa. Niliinama nikaipapasa ile N. Ndiyo maana sikusema neno.

Novemba 30
Mm 4.

Desemba 6
Nimeshuka Mtondwe kupimwa nguo ya siku ya ufunguzi. Fundi wangu ni Ajida, mume wa Abiti Saidi anayewauzia mafundi wa jengo mandazi. Ajida hushona barazani kwa cherehani ya miguu ya chuma, nzito kama dhambi, na mdomo wake haukauki.

"Dokta, kiuno kimeongezeka. Hiki ni kiuno cha mtu mwenye jengo."

"Pima, acha maneno."

"Mimi napima, maneno yanajisema. Abiti! Njoo umwone Namaona! Jina lako, Dokta, ni la mtu anayeona. Wewe ukiweka jina lako mahali, sisi tulio chini tunalala usingizi. Si ndiyo? Msomi wa mawe hawezi kukubali jina lake liwekwe pabaya."

Abiti akamwambia amwache mgeni apumue. Nikasimama pale mikono imeinuliwa, utepe umenizunguka kifuani.

Mm 11.

Desemba 14
Mm 38 kwa saa moja tu. Nilichukua mwavuli nikapanda mbio, kama mwili huu unajua mbio. Nyuma ya kifusi maji yamesimama, ziwa la rangi ya chai, mdomo wa bomba umezibwa na matawi na mifuko ya saruji. Mlinzi alinisaidia kuchomoa tawi moja. Yakaanza kupungua taratibu.

Siku ishirini na tatu tangu nilipokiona kifusi kile. Nimehesabu mara mbili.

Desemba 15
Nimemwandikia Gerison kurasa tatu na ramani. Kifusi kiondolewe chote, au angalau mfereji wa zege uchimbwe kabla ya Machi.

Desemba 25
Krismasi. Tamandani na wanawe. Mm 16. Hakuna jibu.

Januari 7
Hatimaye Gerison kanipokea ofisini. Barua yangu iko mezani, imewekewa kikombe juu.

"Mwalimu, nimewauliza wahandisi. Jengo halitikisiki. Miaka mia."

"Sisemi jengo, Gerison. Jengo litasimama. Nasema maji."

"Kama jengo litasimama, basi…"

"Maji yakikosa njia yatakusanyika nyuma ya kifusi. Kifusi kikilowa kitashuka. Kikishuka hakitaenda kwenye jengo, kitaenda Mtondwe."

Akavua miwani, akaisugua. Alikuwa akifanya hivyo hivyo kwenye mtihani asipojua jibu. "Kukiondoa kifusi ni miezi miwili ya kazi. Ufunguzi ni Aprili. Wageni wamekwisha alikwa. Na Mtondwe iko nje ya uzio wetu, Mwalimu. Ni ardhi ya wilaya."

"Kifusi je? Ni cha wilaya?"

"Nitalipeleka kwenye kamati."

Alinisindikiza hadi langoni na kunishikia mwavuli. Heshima tupu. Ningependa angenitukana.

Januari 12
Mm 21.

Januari 13
Mm 17.

Januari 14
Mm 26. Nimepanda tena. Bomba limeziba tena. Nimechomoa matawi mwenyewe.

Januari 20
Wilayani. Nimekaa kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Bwana mmoja mwenye adabu akaniambia korongo liko ndani ya uzio wa chuo, kwa hiyo ni la chuo. Nikamwambia chuo kinasema mtaa uko nje ya uzio, kwa hiyo ni wa wilaya. Akafurahi: "Basi tunakubaliana."

Januari 29
Nimefurahi bure. Lackson alileta tingatinga korongoni, likachota kifusi tangu asubuhi hadi adhuhuri, na mimi nimesimama pale kama mtoto anayetazama treni. Saa saba likaondolewa kwenda kusawazisha maegesho ya magari ya wageni.

"Kesho litarudi, Mama," akasema Lackson. Hakunitazama. Nimekuwa nikimwona mjinga huyu kijana. Leo nimeona kwamba ananielewa vizuri kabisa, na anaogopa kazi yake.

Februari 3
Tingatinga halijarudi. Mm 30.

Februari 5
Nimemwomba nyakwawa, mkuu wa mtaa wa Mtondwe, aite watu. Walikuja kama sitini, wakakaa kwenye mikeka nje ya msikiti. Nikachora kwa kijiti mchangani: mlima, jengo, korongo, nyumba zao. Nikawaambia wahame hadi mvua ziishe, au angalau zile nyumba arobaini zilizo mdomoni mwa korongo.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza, "Tuhamie wapi?"

Shamba la mahindi linakaribia kukomaa, miezi ya njaa ndiyo hii, nani atamwachia mwizi mahindi mabichi?

Nyakwawa akakohoa. "Mama Mwalimu, tusaidie tuelewe. Jengo lile ni lako?"

"Si langu. Limepewa jina langu."

"Basi ni lako. Na unasema litatuua?"

"Si jengo. Udongo ulio nyuma yake."

"Sasa kama lina ubaya, kwa nini umekubali jina?"

Ajida, kutoka nyuma: "Dokta anaogopa tu sherehe! Nguo imebaki mikono, nitaimaliza, usijali!" Watu wakacheka, cheko la wema, si la dharau. Wakanishukuru. Wakanipa malenge mawili nibebe nyumbani.

Nimekaa jikoni nayatazama malenge. Nilikwenda kuwatisha, na jina langu limewatuliza.

Februari 9
Nimeliandikia baraza la chuo barua: naomba jina langu liondolewe kwenye jengo. Mistari minne.

Tamandani kapiga simu, kasikia kwa watu. "Mama, unatuaibisha. Mwanamke wa kwanza kupewa jengo! Unajua wangapi wangelia wapate?"

"Najua. Mimi mwenyewe nililia."

"Basi ni nini? Ni uzee?"

Nikakata simu. Sijawahi kumkatia simu mwanangu.

Februari 16
Gerison kaja nyumbani. Hakunywa thobwa. Baraza limekataa: herufi zimekwisha pigiliwa, kadi zimechapishwa.

"Wengine wanasema ni kiburi, Mwalimu. Kwamba unataka ubembelezwe."

"Na wewe unasemaje?"

Akasugua miwani. "Mimi nasema mvua zimebaki wiki sita. Tuombe Mungu."

Mm 12.

Februari 27
Mm 8. Bomba liko wazi.

Machi 3
Jua. Nimeanika mahindi. Siku nne hakuna tone. Nimeanza kujidanganya.

Machi 10
Redio: kimbunga kimeingia Msumbiji, kinakuja kwetu. Mawingu hayatembei, yamekaa juu ya mlima kama kifuniko cha chungu.

Machi 11
Mm 96.

Machi 12
Mm 140. Umeme hakuna. Nimejaribu kupanda, barabara imekatika. Nimempigia Gerison mara tisa, simu imezimwa. Nimempigia Lackson, akapokea: yuko Blantyre, tajiri wake kawaondoa mafundi wote tangu jana. "Mama, waambie watu watoke," akasema. "Tafadhali waambie watoke." Kana kwamba sijawaambia.

Machi 16
Sikuandika siku tatu. Naandika sasa kwa mpangilio, kama nilivyowafundisha wanafunzi: ulichoona kwanza, unachodhani baadaye.

Tarehe 13 asubuhi kipima mvua kilikuwa kimefurika. Kinachukua milimita 150, kwa hiyo sijui ilinyesha kiasi gani. Nilivaa buti za marehemu mume wangu nikashuka Mtondwe. Mvua ilikuwa haina matone, ni maji tu yaliyosimama wima.

Abiti Saidi alikuwa ananielewa tangu siku ya mkutano. Hakucheka siku ile, nakumbuka sasa. Alinipokea kwa swali moja: "Ni leo?"

"Sijui. Labda leo."

"Inatosha."

Tukaanza nyumba kwa nyumba, yeye upande huu, mimi upande ule. Tuliwapeleka shule ya msingi iliyo kwenye kilima cha pili. Wengine walikuja. Watoto walikuja, sufuria vichwani kama kofia. Mzee mmoja aliniambia amezaliwa hapo na mvua anaijua. Mama yule mwenye mtoto mgongoni alisema anamsubiri mumewe arudi na mbuzi. Nilimshika mkono nikamvuta. Akajinasua. Sina nguvu.

Ajida alikuwa barazani, ameifunika cherehani kwa nailoni, ameikalia kama kuku anayeatamia.

"Ajida, toka."

"Dokta, hii ni chuma. Siwezi kuibeba mgongoni."

"Iache."

"Niiache, kesho nile nini? Mawe yako?" Alikuwa anatabasamu, lakini midomo ilikuwa ya bluu kwa baridi. "Vijana wameenda kuazima toroli. Likija, naipakia, nakuja. Nendeni na wajukuu."

Abiti akamwambia kwa Kiyao maneno ambayo sikuyaelewa yote. Ajida akamjibu kwa upole. Abiti akambeba mjukuu mdogo, mimi nikawashika wawili, tukaondoka. Ningeweza kubaki nikambembeleza zaidi. Nilidhani nina muda wa kurudi.

Ilikuwa yapata saa nane mchana. Tulikuwa tumefika uwanja wa shule. Haukuwa mlio wa radi. Ulikuwa kama lori linalomwaga kokoto, na linaendelea kumwaga, halimalizi. Kabla ya mlio ilikuja harufu, ya mizizi iliyopondwa na udongo wa chini usiowahi kuona jua. Kisha kifusi kikashuka korongoni, chekundu, kirefu kuliko nyumba, na miti imesimama wima ndani yake ikitembea. Hakikukawia. Nilihesabu, ni tabia yangu kuhesabu: sekunde arobaini na moja. Mdomo wa korongo, msikiti, mikeka, mtaa wa kati. Mpaka mtoni.

Nilipoinua macho niliuona ukuta mweupe wa jengo kule juu, kwenye mwamba wake. Hata kioo kimoja hakikuvunjika.

Abiti aliniwekea yule mtoto mikononi, akashuka.

Tulichimba kwa majembe, masufuria, mabati, vidole. Jioni alitokea Gerison, ametembea kutoka nyumbani kwake, kiatu kimoja kimebaki kwenye matope. Akapiga magoti kando yangu akachimba hadi kucha zikatoka damu. Akasema, "Mwalimu, barua yako ilikuwa mezani kwangu. Kila siku iko mezani." Nililia kwa ajili yake. Sikujua kwamba bado ninayo machozi ya mtu huyu.

Siku ya pili walimpata Ajida. Shehe aliwazika saba jioni ile ile. Mama yule na mtoto wake hatujawapata. Jumla ya waliokosekana ni kumi na tisa. Kati yao waliopatikana ni kumi na wanne.

Ninachodhani: ningesema Novemba, kifusi kilikuwa kikavu, matingatinga yalikuwepo matatu, na mkandarasi alikuwa hajalipwa mwisho. Wangenisikiliza? Sijui. Sina kipimo cha hilo.

Machi 22
Shule imejaa, hivyo waathirika wamefunguliwa jengo. Watu mia mbili na kumi wanalala kwenye maabara na kumbi, wanaanika kanga za watoto kwenye ngazi pana, wanapika nsima, ugali wetu, nyuma, pale kifusi kilipokuwa. Ni jengo imara, halivuji.

Redio inasema "maporomoko ya Namaona". Ndivyo watu wanavyopaita sasa. Mvulana wa kabaza, baiskeli ya abiria, aliniuliza leo, "Mama, unaenda wapi?" Nikasema jengo la sayansi. Akasema, "Aa, Namaona, kule walikofia watu," akaanza kukanyaga pedeli.

Machi 28
Nimemsikia Gerison kwenye redio, sauti imetulia, karatasi zinasikika zikigeuzwa. Maafa ya asili. Mvua ambazo hazijawahi kuonekana. Chuo kinasikitika, na kinashukuru kwamba jengo lilitoa hifadhi. Kila sentensi ni kweli ukiitazama peke yake. Hapo nimemwelewa: yule aliyechimba kwa kucha ni yeye, na huyu naye ni yeye.

Machi 29
Nilikwenda ofisini. Nikamwomba mara ya pili aliondoe jina.

"Tukiliondoa sasa, Mwalimu, watu watasema tumekiri."

"Basi kirini."

Akasimama, akafunga mlango polepole ili katibu wake asisikie. Halafu akavua miwani, akaanza kuisugua. Tulikaa hivyo, wawili, mpaka nikachoka nikaondoka.

Aprili 4
Wamehamishiwa kwenye mahema, uwanja wa mpira, ili jengo lisafishwe. Mm 3.

Aprili 12
Leo wamefungua. Waliniletea gari asubuhi, dereva kavaa tai. Nikamwambia sitahitaji. Nikashuka kwa miguu hadi mahemani.

Abiti Saidi alikuwa amekaa mlangoni mwa hema, ungo wa maharagwe mapajani. Nikakaa karibu naye nikaanza kuchambua. Maharagwe ya msaada yana mawe mengi.

"Abiti," nikasema, "kile kifusi nilikiona Novemba. Nilijua. Nilikaa kimya siku ishirini na tatu kwa sababu nilikuwa nimefurahia jina."

Vidole vyake viliendelea. Jiwe, harage, harage, jiwe. Nilifikiri hakusikia, nikataka kurudia.

"Hata ungesema Novemba," akasema, "Ajida asingeiacha cherehani."

"Labda."

"Usiniambie labda. Nina wajukuu watatu wa kulea. Niachie hilo."

Nikarudi kwenye maharagwe.

Kule juu spika zikaanza. Kwaya, sala, hotuba, hotuba nyingine. Dakika moja ya kuwakumbuka marehemu. Nilitazama saa, ilikuwa sekunde ishirini. Kisha sauti ya mshereheshaji, tamu kama ya mwuza sabuni: "Na sasa tunamwomba mama yetu, Dokta Elube Namaona, asimame alipo ili tumwone!"

Makofi. Yakafifia. Sauti ikarudia jina langu, majina yote mawili, na makofi yakajaribu tena.

"Wanakuita, Mama Mwalimu," akasema Abiti.

"Nawasikia."

"Huendi?"

"Siendi."

Akainama zaidi juu ya ungo, akalitoa jiwe moja, akalitazama.

"Basi sogea kidogo," akasema. "Unanizibia mwanga."

Nikasogea.